Nyonga Ukutani

Mgongo wangu umegoma. Nalisema bila haya, maana najua ninyi wa rika langu mnaosoma hapa nanyi mmejiwekea mto nyuma ya kiuno, tusidanganyane. Ulianza kwa kunong'ona, nikaupuuza. Mwaka huu baridi ya Ufipa ilipoingia ukapaza sauti. Asubuhi moja niliinama kuokota mwiko jikoni nikabaki hapo hapo, uso unatazama majivu, nikamwita binti yangu. Akacheka kwanza, ndipo akanipeleka hospitali.

Huko nikakabidhiwa kwa kijana wa mazoezi ya viungo, mpole, ndevu zake bado za kuhesabika. Akaniamkia vizuri, akanisogeza kwenye ukuta mtupu wa chumba chake. "Simama hapa, mama. Makalio yaguse ukuta. Magoti legeza kidogo. Sasa inama, ila usiinamishe mgongo. Kunja nyonga tu, mgongo ubaki umenyooka."

Nikagusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, umepakwa rangi ya maziwa, unanuka dawa ya kusafishia sakafu. Lakini pua yangu haikunusa dawa. Ilinusa udongo mweupe wa bondeni ukiwa bado na maji, samadi ya ng'ombe iliyochanganywa humo ili usipasuke, na moshi wa maharage kutoka jikoni kwa jirani. Nikaanza kulia nimesimama vile vile, makalio ukutani, mikono inaning'inia. Yule kijana akadhani ameniumiza, masikini, akakimbia kuleta kiti. Sikukitaka kiti. Nilitaka baba yangu aje anipige kumbo kwa sauti yake ile kavu, aseme, "Tuanze tena."

Nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa kilema wa nyonga. Ujana wake aliumalizia migodini, ng'ambo ya mpaka, huko Kitwe, kama Wafipa wengi wa umri wake. Wapo waliorudi na baiskeli, wapo waliorudi na cherehani, na yupo mmoja wa kule Mollo aliyerudi na gramafoni isiyokuwa na sindano. Baba alirudi na nyonga ya kulia iliyopondwa na jiwe chini ya ardhi, na fimbo moja ya gofu. Kabla ya kuingia shimoni alikuwa amefanya kazi kwenye uwanja wa gofu wa wakubwa wa mgodi. Fimbo yenyewe ilikuwa ya chuma, shingo imepinda kidogo, na ngozi ya mshikio imechakaa ikawa laini kama sikio la mbuzi. Aliiita aini namba saba, kama wakubwa wale walivyoiita kwa Kiingereza chao. Ilikaa juu ya kitanda chake, mahali ambapo watu wengine hutundika rozari, na rozari ilitundikwa kwenye fimbo.

Pombeni wazee walimwita Bingwa. "Bingwa, tupe ya Kitwe," walisema, naye akawapa. Alisimulia mchezo mmoja kwa muda wa kata nzima ya pombe ya ulezi: upepo ulivyokuwa, nyasi zilivyolala, mpira ulivyoondoka ukazidi mti, ukazidi maji, ukaanguka, ukatambaa, ukatumbukia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikimsubiri nimshike mkono wa kurudi nyumbani, na kila mpira ulipotumbukia moyo wangu nao ulitumbukia. Hakuna aliyeniambia kuwa watu wazima huitana bingwa kwa utani. Mimi nilijua baba yangu alikuwa bingwa wa gofu wa Kitwe, kama nilivyojua kwamba Jumapili hatulimi.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishwa. Zamani nyumba yetu ilikuwa peke yake kwenye mgongo wa kilima, nyasi mbele, nyasi nyuma, na matuta yetu ya mviringo tunayoyafukia majani ndani ili yaoze yawe mbolea. Ukitoka mlangoni hukuona paa la mtu. Kisha likaja lori, tukashushwa kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Matai, nyumba zimepangwa mistari mistari kama vibao vya mezani, mlango kwa mlango, mgongo kwa mgongo. Kwenda mjini ulimwomba ruhusa balozi wa nyumba kumi, na balozi alikuwa mtu wa kuuliza. Hata kurudi kilimani kuchungulia matuta yetu yalivyoota nyasi ulitakiwa kueleza unafuata nini. Mama alisema amefungiwa kwenye zizi. Baba alitazama tu zile nyasi za uwanda, zisizo na mti wa kuzuia macho, halafu akaingia ndani.

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu mpya ulikuwa unatazamana na jiko la Mama Febronia, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Mama aliukandika kabla ya Noeli, akaupaka udongo mweupe kwa mikono yake. Ulipendeza. Lakini udongo ule ukiuegemea unatoka nao.

Baba alinikamata shuleni. Siku hiyo wazazi walikuja kusaidia usafi, nasi watoto tulikuwa tunafyeka nyasi za uwanjani. Fyekeo langu lilikuwa refu kuliko kimo changu, kwa hiyo sikuweza kufyeka kwa mikono kama wenzangu. Ilinilazimu kujizungusha mwili mzima, kiuno kinatangulia, mikono inafuata. Nilikuwa nafyeka hivyo, sina habari, mara nikasikia mtu amesimama nyuma yangu hapumui. Nilipogeuka, baba alikuwa ametoa macho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hiyo nyonga," akasema, taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. "Hiyo nyonga nani kakufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Jioni hiyo hiyo aliitoa rozari kwenye ile aini namba saba, akaipeleka kwa mama, akaniita nyuma ya nyumba.

Sasa sikilizeni nilivyofungwa. Kila siku, tukishatoka shamba la kijiji, jua linaanza kushuka na upepo wa uwanda unaanza kuuma masikio, wenzangu wanakwenda barabarani kucheza rede. Mimi nasimama ukutani. Miguu upana wa mabega. Magoti yamelegea. Nakunja nyonga hadi makalio yanagusa ukuta, mgongo nimeunyoosha, mikono inaning'inia na ile fimbo. Baba hakunigusa hata siku moja. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mguu mbovu ameunyoosha, akinielekeza kwa bua la mahindi.

"Unapopeleka fimbo nyuma, kalio la kulia libaki ukutani. Unapoirudisha, la kushoto lije ukutani. Nyonga isiufuate mpira. Wajinga wote nyonga zao zinaufuata mpira. Yako ibaki nyuma, igeuke, ifunguke. Nyonga ni mlango. Ukifunguka, kila kitu kinapita."

Mpira wenyewe haukuwapo. Nilipiga magunzi. Alikuwa na mpira mmoja tu, ameufungia kwenye kopo la siagi, na aliniambia nitaugusa siku nitakapoiva.

Tukimaliza, aliniambia nigeuke, akatazama nyuma ya gauni langu. Alama nyeupe zikiwa mbili, kulia na kushoto, nimefanya vizuri. Ikiwa moja, nyonga yangu imekimbilia mbele, imeufuata mpira kama za wajinga. Nayo karibu kila siku ilikuwa moja. Alikuwa akiitazama, halafu anasema, "Tuanze tena." Barabarani nilisikia wenzangu wanahesabiana, mpira wa matambara unapiga mgongo wa mtu, kicheko kinapasuka. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikisogea hatua moja mbele, bua la mahindi linanirudisha. Nyuma yangu ukuta, mbele yangu baba, pembeni jiko la Mama Febronia, naye yuko mlangoni anachambua maharage na jicho halimtoki.

Niliwahi kumuuliza, "Baba, mpaka lini?"

"Samaki mkunje angali mbichi," akajibu, akafurahishwa na jibu lake.

Ninyi mnajua baba wa enzi zile. Hukumuuliza mara mbili. Isitoshe, nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Niliamini kwamba nikishaiva, habari zitafika mahali, mtu mkubwa atakuja na gari, ataona mtoto wa bingwa naye ni bingwa, na watu wa namna hiyo hawaachwi kwenye mstari wa nyumba. Tutarudishwa kilimani. Baba mwenyewe si alisema nyonga ni mlango? Nikavumilia kwa ajili ya hilo.

Lakini mwaka huo nilikuwa pia naandaliwa kupokea komunyo ya kwanza, na hilo nililitaka kuliko kilima. Mama alikuwa amekaa foleni siku nzima kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu pale mjini, siku ambayo vitambaa vilionekana, akarudi na kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Febronia angepokea, watoto wote wa mstari wetu wangepokea. Nilikuwa nalala nimefumba mikono kifuani nikijizoeza kutembea kuelekea altare. Ukikosa, unabaki na wadogo mwaka mwingine mzima, na kijiji kizima kinajua kwamba una jambo.

Mafundisho tulipewa na katekista kwenye kanisa la kigango, kila Jumatano. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye kikohozi. Aliyeitwa alisimama mbele, akaligeuzia darasa mgongo, akamsomea yeye sala. Siku hiyo niliitwa kusoma sala ya kutubu. Nikasimama, nikaanza, "Mungu wangu, nimetubu sana," na nyuma yangu mtu akacheka kwa pua. Kisha wawili. Kisha benchi zima.

Nilikuwa nimekuja na gauni la jana. Na jana, kwa mara ya kwanza, alama zilikuwa mbili.

Lazima niwaambie kuhusu hiyo jana, maana ndiyo siku pekee niliyofurahi pale ukutani. Sijui nilifanya nini. Nilichoka tu, nikaacha kufikiri, fimbo ikaenda nyuma, ikarudi, na kitu ndani ya nyonga yangu kikageuka taratibu kama bawaba iliyopakwa mafuta. Gunzi likaruka juu ya jiko la Mama Febronia, juu ya paa, likaenda zake. Sikusikia lilipoangukia. Baba alisimama kutoka kwenye kinu bila kushika ukuta, jambo ambalo hakuwa analiweza. Hakunisifu. Aliniambia nigeuke, akazitazama zile alama mbili, muda mrefu sana, halafu akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema upepo umeanza kuwa mkali.

Kwa hiyo nilizivaa alama zile hadi kanisani nikiwa nimesahau kwamba ninazo, na darasa zima likazicheka.

"Geuka," akasema katekista. Nikageuka. Akatazama, naye tabasamu likamponyoka. "Binti, kwenu mnakalia magunia ya unga?"

Kama ingeishia hapo, ingekuwa utani. Lakini Mama Febronia alikuwa nje akimsubiri bintiye, akachungulia, na mdomo ulikuwa umemuwasha siku nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu alichokiona kutoka mlangoni kwake, na alichokiona, kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kusikia gofu, kilikuwa hiki: mzee anayependa pombe anamsimamisha mtoto wa kike ukutani kila jioni, anamfundisha kuzungusha kiuno, na kiuno kisipozunguka vizuri anamwambia aanze tena. "Anamwandaa kwa ngoma za pombeni," akasema. "Mwisho wake tunaujua."

Tabasamu la katekista likafa. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko fimbo. "Mpaka jambo hili liishe," akasema, "wewe utasubiri."

Nyumbani mama alipasuka. "Nilikwambia," alimwambia baba. "Nilikwambia mtoto wa kike hafundishwi kiuno mbele ya watu. Wewe na Kitwe yako."

"Si kiuno. Ni nyonga."

"Nenda kamweleze katekista tofauti yake."

"Hajaiva bado," baba akasema. "Ameanza tu kufunguka jana. Ukimwachisha sasa itafunga."

Nililia. Nilimpigia magoti, jambo ambalo kwetu hufanyi ovyo, nikamwambia, "Baba, naomba niache. Nataka kupokea na wenzangu." Alinitazama kama mtu anayeombwa atoe figo. Kesho yake jioni alinisimamisha tena ukutani. Mama alikaa ndani amefunga mlango. Mama Febronia aliingia jikoni kwake akafunga wake. Niliegemea ukuta nikaona kwamba nikifanya vizuri nitatoka na alama mbili, ambazo baba anazitaka na katekista hazitaki. Na nikifanya vibaya, tutaanza tena. Hapakuwa na njia ya tatu. Niliuchukia ule udongo mweupe. Nilimchukia na baba, dakika hiyo, kwa moyo wote wa mtoto.

Jumamosi baba akaitwa kigangoni. Alikuja katekista, wakaja wazee wa kanisa, balozi wa nyumba kumi, na Mama Febronia kama shahidi. Mama alinivalisha gauni safi akanishika mkono. Baba alikuja na aini namba saba, na kopo la siagi kwapani.

Mimi sikuogopa. Naomba mlielewe hilo. Nilikuwa natembea kwa raha, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Watamwomba aonyeshe, bingwa ataonyesha, watu watafumba midomo, nami nitapokea. Nilishangaa tu kwamba hatukulifikiria hilo mapema.

Alieleza, wakasikiliza. Alieleza uwanja, mashimo, bendera. Balozi akauliza kama huo si mchezo wa mabepari. Baba akasema ndiyo, walikuwa mabepari, lakini nyonga zao zilikuwa nzuri. Watu wakacheka kidogo. Katekista akakohoa, akasema kwa upole, "Mzee mwenzangu, sisi hatuijui gofu. Ila wewe tunakujua. Simama utuonyeshe mwenyewe. Tukiona ndivyo wanavyosimama wanaume wa migodini, tutayamaliza hapa hapa."

Nikamminya mama kidole. Sasa mtakoma, nilisema moyoni.

Baba akafungua kopo. Akauweka ule mpira kwenye nyasi mbele ya kanisa, mweupe uliogeuka njano, umejaa vijishimo. Akausogelea. Akashika fimbo, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kupiga ovyo, kwa sababu alikuwa ameishika kama jembe. Mimi alikuwa ananirekebisha vidole hadi kucha, na yeye alikuwa ameishika kama jembe. Akakunja magoti. Akapeleka fimbo nyuma; nyonga yake mbovu ikamkamata katikati; akashuka kwa mikono tu. Chuma kikachimba ardhi. Mpira haukusogea.

Akajaribu tena. Safari hii fimbo ilipita juu, upepo mtupu, naye akayumba akataka kuanguka. Mzee mmoja akamdaka.

"Bingwa," balozi akasema, chinichini, na watu wakacheka.

Baba akajisimamisha. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona akikivua hicho kikofia chake mbele ya mtu asiyekuwa padri.

"Sikuwa bingwa," akasema. "Utani ni wenu, mimi niliuacha tu ukae, ulikuwa mtamu. Mimi sijawahi kupiga mpira huu. Leo ndiyo mara ya kwanza, nanyi mmeona. Kule tulikuwa tunabeba mifuko yao. Mtu mweusi akiinua fimbo kwa kupiga, jioni hana kazi. Hii yenyewe niliiokota mtaroni, mwenyewe aliitupa kwa hasira. Nilikuwa nasimama pembeni natazama. Miaka yote ile nilikuwa natazama nyonga za watu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza alipoona anacheka peke yake.

"Nilijua kila kitu kinavyotakiwa kwenda," baba akasema. "Nikasema siku moja nitajaribu mwenyewe, hata porini. Halafu jiwe likaja." Akaipiga nyonga yake kwa kiganja. "Huyu mtoto hafundishwi ngoma. Huyu mtoto ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akipiga ile ninayoijua, naye akiwa wa kwangu. Hana kosa. Mwacheni apokee. Mchezo umeisha."

Katekista hakuuliza kitu kingine. Alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," baba akaitikia, "Milele, amina," na ndiyo hukumu ilivyotoka. Mama Febronia alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. Mama alikuwa ameniachia mkono bila kujua.

Na mimi nilipata nilichokuwa nakililia, na niliumia kupita nilivyowahi kuumia ukutani. Nilitaka atoe lile zoezi. Sikutaka atoe Kitwe. Tulirudi nyumbani, yeye mbele akichechemea, kopo kwapani, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Pale pombeni hakuna aliyemwita Bingwa tena. Walimwita kwa jina lake, kwa heshima, na nadhani heshima ile ilimuuma kuliko utani.

Asubuhi ya komunyo nilivaa gauni langu jeupe. Nilipokuwa natoka, baba alisema, "Geuka." Nikageuka, kwa mazoea. Akanitazama nyuma, akafuta kitu ambacho hakikuwapo, akasema, "Safi. Nenda." Nikaenda. Nilitembea hadi altareni mgongo umenyooka, na wanawake walisema mtoto yule anatembea vizuri.

Ile aini namba saba ikawa komeo la mlango wetu. Kila jioni mama aliipitisha kwenye vyuma viwili, tukafungwa ndani salama. Baba aliitazama ikifanya kazi hiyo. Kuna jioni moja, wiki kadhaa baadaye, nilikwenda nyuma ya nyumba peke yangu. Nikasimama. Miguu upana wa mabega, magoti nimelegeza, makalio ukutani. Sikuwa na fimbo, nilishika bua la mahindi. Watoto walikuwa wanacheza rede barabarani na hakuna aliyenizuia kwenda. Baba akapita na jembe begani, akitoka shamba la kijiji. Aliniona, ninajua aliniona, maana hatua zake zilikosana. Nikasubiri aseme. Akaingia ndani.

Alifariki mimi nikiwa tayari na watoto wangu. Nyumba ile imeshabomoka, na fimbo sijui iliko. Wakati watu walipoanza kurudi kwenye viwanja vyao vya zamani kila kitu cha chuma kilipata mwenyewe. Mpira ninao. Uko nyumbani kwangu Katandala, kwenye kabati langu la vyombo, wajukuu wanadhani ni yai la mdudu.

Basi, hospitali. Nilipomaliza kulia nilimwomba radhi yule kijana, nikamwambia tuendelee. Nikakunja nyonga. Mgongo ulipiga kelele zake, lakini nyonga ilikwenda yenyewe, nyuma, taratibu, ikagusa ukuta ilipotakiwa kugusa. Kijana akainama kunitazama ubavuni, akashangaa.

"Mama, wengi hili huwachukua wiki nzima kulielewa. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu," nikasema. "Alikuwa bingwa wa gofu. Kitwe."

"Kweli, mama?"

"Bingwa kabisa."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajitoa ukutani, nikamgeuzia mgongo. "Hebu nitazame nyuma ya gauni. Kuna alama ngapi?"

Alitazama, akatazama tena, hakutaka kunivunja moyo. "Hakuna alama, mama. Rangi yetu hii haitoki."

"Haya," nikasema, nikarudi ukutani. "Tuanze tena."